Mpira Hauna Mbavu

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa macho na akaniachia mpaka leo yakiona, akanipa miguu iliyokimbia nyuma ya watoto wa watu miaka mingi bila kuvunjika, akanipa riziki ya halali katika mji huu ambao wazazi wangu waliuingia kutoka Unguja hawana wanayemjua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na watu wake. Baada ya kumshukuru Mola, vijana wangu mlioanza kushika filimbi, nakuandikieni kwa sababu situlii.

Si ugonjwa. Daktari kanipima, kaniambia moyo mzima. Ni swali. Wiki iliyopita walikuja nyumbani kwetu Al Mankhool, hapa Dubai, waamuzi wawili wa siku hizi, mmoja Mganda, mmoja wa Tanga, kunisalimia. Nikawatilia kahawa. Kabla hawajaimaliza walikuwa wamekwishaanza kugombana juu ya ile sheria ya kumlinda mrushaji. Mganda anasema sheria imemfanya mrushaji kuwa bwana harusi, haguswi. Wa Tanga anasema bila sheria hiyo hakuna mama atakayemruhusu mwanawe acheze. Kisha wakanigeukia wote wawili. Babu, wewe umesimama nyuma ya warushaji maisha yako yote, sheria hii ni ya haki au si ya haki? Nikawauliza kama wataongeza kahawa.

Walipoondoka nikaanza kutembea ukumbini, kwenda na kurudi. Mke wangu, Mwanaidi, akaniambia niketi, zulia lisije likatoboka. Nikaketi, nikainuka. Nimeswali, nimesoma, nimekwenda mpaka dukani na kurudi bila kununua kitu. Basi nimeona niyaandike haya, labda mkiyapokea ninyi yatanipungukia mimi.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe, ni mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai changa. Katika kila timu yuko mtu mmoja anayepokea mpira, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaangalia mbali, akaurusha kwa mwenzake anayekimbia. Wenyewe humwita kwotabeki. Mimi namwita mrushaji. Wapinzani kazi yao ni kumfikia na kumwangusha kabla hajaurusha. Akishaurusha, hawana ruhusa tena ya kumpiga, ila aliyekwishamfikia na hawezi tena kujizuia husamehewa. Wala wasimpige kichwani, wala magotini, wala wasimwangukie kwa uzito wao wote, hata kama wamemfikia kwa halali. Wakikosea, mwamuzi hutupa chini kitambaa cha njano na timu ya mkosaji hurudishwa nyuma yadi kumi na tano. Kuisoma sheria hiyo ni rahisi. Kusimama nayo uwanjani ndiyo kazi.

Mimi nilitokea kwenye mpira wa miguu. Mchana nilikuwa mtunza vifaa vya michezo katika shule moja ya Bur Dubai, jioni napuliza filimbi kwenye viwanja vya mchanga. Akaja Mmarekani mmoja mzee, Mista Walta, fundi wa lifti za majengo marefu, ambaye alikuwa akiwakusanya watu wa kuamua mchezo wa kwao. Alisema anatafuta mtu anayeweza kukimbia na asiyejali kutukanwa. Nikamwambia kwa hilo la pili nina uzoefu wa kutosha.

Mechi yangu ya kwanza nilisimama panaposimama mwamuzi mkuu, nyuma ya mrushaji, pembeni kidogo. Mpira ukaruka, mzuri, unazunguka kama pia. Nami nikaufuata kwa macho, kama nilivyozoea. Nikasikia nyuma ya sikio langu sauti ya gunia linaloshushwa kutoka kwenye lori. Nilipogeuka, mrushaji kalala chali, na watu watatu wamesimama juu yake wanaangalia mawinguni kama wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Nani kampiga? Sikujua. Lini, kabla au baada? Sikujua. Mista Walta akaja, hakunigombeza, akaniambia kwa Kiingereza chake cha polepole maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Haji, mpira hauna mbavu. Mwangalie mwenye mbavu."

Jumamosi iliyofuata alinipeleka kwenye kiwanja kitupu, akasimama na kurusha mipira kupita juu ya kichwa changu, na kila mara aliniuliza: mguu wangu wa kushoto ulikuwa wapi? Niligeuza shingo kila mpira uliporuka. Shingo ya mtu ina kichwa chake, haikusikilizi. Ilinichukua miezi mpaka nikaweza kuuacha mpira uende zake. Anzeni hapo na ninyi. Asiyeweza kuuacha mpira asisimame nyuma ya mrushaji, akashike mnyororo wa kupimia yadi, nayo ni kazi ya heshima.

Nikuambieni na la kitambaa. Kitambaa cha mwamuzi lazima kiwe na uzito kwenye ncha, ama upepo wa hapa utakipeleka mpaka baharini. Mwanaidi alinishonea cha kwanza, akatia choroko ndani ya pindo. Kikafanya kazi vizuri. Kisha akakifua. Mimi nikakitia mfukoni kikiwa kibichi bado, na wiki ile ilikuwa ya joto la mvuke. Mechi inayofuata naona kosa, nakitoa, natupa, na mchezaji aliyekosea akakiokota na kunirudishia kwa adabu, akiniambia kimeota. Choroko zilikuwa zimechipua, mizizi imetoka kwenye mshono. Kuanzia hapo tulitumia kokwa za tende. Kokwa ya tende haioti haraka.

Na la kupaza sauti. Mista Walta alinifundisha kwamba mpira ukitoka tu mkononi mwa mrushaji, mwamuzi apige kelele, ili anayekuja mbio ajue umekwenda na ajizuie. Yeye alipiga kelele kwa Kiingereza. Wachezaji wetu walikuwa Wasyria, Wafilipino, Wamisri, Wakenya, Waingereza, na ndani ya kofia ngumu hakuna anayesikia Kiingereza cha mtu mwingine. Siku moja nimechoka, liko jitu moja linakuja kama lori linalorudi nyuma, nikapiga kelele ile wanayopigiwa madereva wa malori: khalas, yaani basi, imetosha! Likasimama. Lakini walisimama wote. Aliyekuwa anakimbilia mpira kule mbali alisimama, mpira ukamwangukia mgongoni. Hata dereva wa gari la wagonjwa akazima injini. Ikabidi niwakutanishe manahodha niwaeleze kwamba khalas hii ni ya walio karibu na mrushaji tu, wengine waendelee na maisha yao. Ikawa desturi. Leo nasikia mnapuliza filimbi viwanja vyote na khalas hiyo hiyo, wala hamjui ilitoka wapi. Imetoka kwenye lori.

Desturi nyingine niliyoiweka ni baraza la kahawa. Mechi zetu za majira ya baridi zilianza baada ya Alasiri na kumalizika karibu na Magharibi. Waislamu tukiswali pembeni ya uwanja, Wakristo walitulindia viatu na birika, ingawa kashata walizilinda kwa kuzila. Kisha tulikaa kwenye majamvi, timu zote mbili na waamuzi, na yeyote mwenye shauri juu ya uamuzi aliruhusiwa kulisema. Lakini kwa sharti la baba yangu, Mungu amrehemu, ambalo alituwekea sisi watoto wake tulipogombana: kwanza msemee mwenzio. Useme alivyoona yeye, vizuri, mpaka mwenyewe akubali akisema "ndivyo." Hapo ndipo upate zamu ya kusema la kwako. Mashauri mengi yalikufa kwenye hatua ya kwanza, watu wakanywa kahawa wakaondoka.

Sasa nifike kwa Wekesa, maana ndiye anayenitembeza ukumbini.

Wekesa alikuwa kijana wa Bungoma, mlinzi wa ghala kule Jebel Ali, mpana, mpole, mwenye kucheka na mabega. Alikuja kwetu akitokea kwenye raga, aliyoicheza tangu shule. Alibadilishana zamu na wenzake ili Jumamosi apate nafasi, akapanda metro kutoka huko mwisho na mfuko wake mgongoni. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajichosha hivyo baada ya kusimama getini juma zima. Hakuleta maelezo marefu.

"Mzee, kule kazini naitwa sekyuriti. Madereva, mabosi, wote, sekyuriti njoo, sekyuriti fungua. Hapa ndio mahali naitwa Wekesa."

Kazi yake uwanjani ilikuwa kumfukuza mrushaji. Na mrushaji aliyekutana naye zaidi alikuwa Khalfan, mjukuu wa jirani yetu Bi Zuwena, kijana aliyezaliwa hapa lakini ana Kiunguja cha bibi yake, mwembamba, mwenye mkono wa ajabu na mdomo wa ajabu vilevile. Bi Zuwena alikuwa akinisimamisha mlangoni pa lifti akinikumbusha kwamba mbavu za Khalfan zimo shingoni kwangu, na kwamba zikivunjika nisitie mguu kwake kula futari.

Mara ya kwanza Wekesa alipomfikia Khalfan, alimkumbatia kwa mikono miwili, akaenda naye chini, akatua juu yake. Nikatupa kitambaa. Mara ya pili, mechi nyingine, vilevile. Nikatupa tena. Na kanuni ya mashindano yetu ilikuwa wazi: kitambaa cha tatu cha kosa la namna hiyo kwa mchezaji mmoja, yuko nje mpaka msimu umalizike.

Wekesa hakukasirika. Alishangaa, na mshangao wake ulinikera kuliko hasira. Pale kwenye jamvi alinieleza kwamba katika raga mtu akimwangusha mwenzake bila kumshika kwa mikono, kwa kumgonga bega tu, hutolewa uwanjani, kwa sababu kumgonga mtu bila kumshika ni ukatili. Amefundishwa tangu utoto kwamba mkono unaoshika ndio wenye adabu. Unamshika mtu, unashuka naye, humwachii aanguke peke yake. Na hapa amefanya adabu yake yote, naye anaadhibiwa, wakati Mmisri mmoja wa timu yake amemgonga Khalfan bega kavu, mikono imekunjwa, na kwa kuwa hakumwangukia, nimemwambia mchezo uendelee.

Nilimweleza sheria. Aliielewa. Hilo silo alilokuwa anauliza.

Khalfan hakumsaidia. Alimwita Wekesa mtu wa uwanja wa ndege, kwa kuwa kila anayemwona anamkumbatia. Wekesa akamjibu kwamba watamletea kabati la kioo akae ndani yake kama mkufu wa dukani, na mwenye kutaka kumgusa aombe ufunguo. Watu walicheka, nami nilicheka, lakini usiku ule nilipoketi baada ya Isha sikuweza kusoma kurasa zangu kwa utulivu.

Msidhani sikuijua sababu ya sheria. Nyuma huko, kabla kipengele cha kumwangukia mtu hakijaongezwa, tulikuwa na mrushaji Msyria. Aliangukiwa mbele yangu, kwa halali kabisa, kabla hajaurusha mpira. Niliisikia pumzi ikimtoka. Hakuna kitambaa nilichoweza kutupa. Leo ana duka la simu, na bidhaa za rafu ya juu humwomba mteja azichukue mwenyewe, kwa sababu mkono wake wa kulia haupandi. Mrushaji ananyoosha mkono, anaangalia mbali, ubavu wake uko wazi. Asipolindwa na sheria hana wa kumlinda. Hayo nayajua. Lakini nayajua na ya Wekesa, na yale mawili yalikataa kukaa chumba kimoja.

Basi nikafanya nililoweza. Nilitangaza kwa timu zote kwamba atakayetaka kujifunza kuanguka aje kiwanja cha Al Jaddaf siku ya Alhamisi jioni. Hoteli moja jirani yetu ilikuwa inatupa magodoro yake makuukuu, nikaomba moja, tukalipakia kwenye pikapu ya rafiki yake Wekesa. Nyundo za maseremala wa majahazi zinagonga upande mmoja, kreni za maghorofa upande mwingine, na katikati watu wazima wanaanguka kwenye godoro mimi nikiwa kwenye kiti nawakosoa. Niliwafundisha hivi: ukishamshika na umesikia khalas, usijaribu kusimama, huwezi, mwili umekwishaondoka. Geuza nyonga. Mshuke ubavu kwa ubavu, uzito wako uende ardhini kando yake. Wekesa alijifunza haraka kuliko wote. Khalfan alikuja mara moja, akalala kwenye godoro akatuambia tumwamshe chakula kikiwa tayari.

Ikaja mechi ya kuamua nani aingie fainali. Timu ya Khalfan na timu ya Wekesa. Mimi nimesimama pale pale nyuma ya mrushaji, na vidole vyangu ndani ya mfuko vinahesabu tasbihi bila tasbihi. Karibu na mwisho Khalfan akarudi nyuma, akaangalia mbali upande wa kushoto. Wekesa akazunguka kwa nje upande wa kulia, upande asiouona. Mkono wa Khalfan ukaenda mbele. Mpira ukatoka. Nikapiga kelele, khalas! Na Wekesa alikuwa amekwishafika.

Mikono yake ikafunga. Kisha nikaona jambo ambalo sikumfundisha. Hakugeuka ubavu. Aligeuka mzima, kama mtu anayelipindua lile godoro, akajitia chini yeye na kumweka Khalfan juu. Mgongo wake na bega lake vikafika chini kwanza, na Khalfan akatua kifuani kwake kama mtoto.

Karibu na kiatu changu kikaanguka kitambaa cha njano. Hakikuwa changu.

Kilikuwa cha mwamuzi wa pembeni, Arnel, Mfilipino, mtu makini ambaye sijapata kumwona akitupa kitambaa kwa hamaki. Tulikutana katikati. Akasema ameona mikono ikifungwa baada ya mpira kwenda, ameona miguu ya mrushaji ikiondoka ardhini, ameona akitupwa. Kutoka aliposimama ndivyo ilivyoonekana, na mimi ningekuwa pale ningetupa vilevile. Kikibaki kitambaa kile, Wekesa amekwisha. Neno la mwisho ni la mwamuzi mkuu.

Kocha wa Khalfan akapaza sauti kutoka kwenye mstari kwamba mimi na Wekesa tunasema lugha moja, na mzee humfundisha Alhamisi. Kocha wa Wekesa akajibu kwamba na mrushaji anasema lugha hiyo hiyo, na bibi yake ni jirani wa mzee. Wote wawili walisema kweli. Nikasimama pale najiuliza: haya ni macho yangu yaliyoona, au ni moyo wangu uliotaka? Namwomba Mola anitenganishie, na watu wananingoja, na sikupata utulivu niliokuwa nautafuta.

Nikashika njia ya Mista Walta. Alinifundisha kwamba ukiwa na shaka na nafsi yako, yaseme uliyoyaona kwa mpangilio na bila majina. Nikamwambia Arnel: mtu wa kwanza alifunga mikono mpira ukiwa ndio unatoka. Mtu wa kwanza akageuka. Bega la mtu wa kwanza likafika chini. Mtu wa pili akafika juu yake. Nikamuuliza, wewe uliona bega la nani limetangulia chini? Akafikiri, akasema hakuona, mwili wa mrushaji ulimziba mtu wa kwanza. Nikaokota kitambaa, nikamrudishia mkononi, nikatangaza hakuna kosa.

Khalfan aliinuka, akamnyooshea Wekesa mkono. Wekesa akampa wa kushoto. Wa kulia haukuja. Mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, ulikuwa umekatika.

Yeye aliyenusurika na kitambaa akatolewa na mfupa. Msimu wake ulikwisha pale pale.

Mhudumu wa gari la wagonjwa alimfunga mkono kifuani, akamwambia wataondoka watakapomaliza kumwangalia mchezaji mwingine aliyeteguka. Tukaswali. Tuliporudi, Wekesa ameketi kwenye jamvi, kashata hazijaguswa. Hapo ndipo nilipojua ana maumivu makali. Akasema ana shauri. Si juu ya Arnel, wala juu yangu. Ni juu ya sheria. Nikamwambia sheria si mtu, basi msemee yule anayelindwa nayo.

Akamgeukia Khalfan. Alisema polepole, kwa sababu ya mfupa.

"Mtu anayerusha ni kama mtu anayeomba amefumba macho. Amenyoosha mkono, akili iko mbali, hajui nani anakuja. Na mtu anayeomba huwezi kumgonga. Hata kama ni adui yako unangoja amalize."

Khalfan, mwenye maneno ya kila mtu, akakiweka kikombe chini. Akasema, "Ndivyo."

"Sasa langu," akasema Wekesa. "Mzee alitufundisha twende ubavu. Mimi nilijua nikienda ubavu, aliye mbali hataona ubavu, ataona nimemwangusha tu. Nikaona njia ya kuwa salama na kitambaa ni moja, niende chini yeye abaki juu. Nimeenda. Mimi sikatai huyu alindwe. Nauliza tu, nikiwa chini, nani anatazama mimi?"

Sikumwambia aende chini. Hofu ya kitambaa ndiyo iliyomwambia, na kitambaa kilikuwa mfukoni kwangu.

Zamu ya Khalfan. Naye lazima kwanza amsemee mwenzake. Akasema huyu bwana anaambiwa akimbie kwa nguvu zake zote, halafu kwa neno moja asimame. Sheria inampa yeye Khalfan jicho la mwamuzi mzima, na huyu inampa adhabu tu. Akasema yeye ameangushwa mara zisizo na idadi, na leo ni mara ya kwanza ameanguka bila kuumia, na hakujua mpaka alipoinuka kwamba kuna aliyeumia badala yake. Wekesa akatikisa kichwa, akasema, "Ndivyo."

Ilipofika zamu ya Khalfan kusema la kwake, akasema hana. Kisha wakanitazama mimi, jamvi zima. Nikawatilia kahawa.

Ndiyo maana nasema situlii. Nimeulizwa mara mbili na mara zote mbili nimekimbilia birika.

Kule Jebel Ali walimweka Wekesa kwenye chumba cha kamera, akae atazame skrini mpaka mfupa uunge. Alinipigia simu kunijulia hali, akaniambia kwa kicheko kwamba tangu aende kazini na mkono shingoni, mabosi wanamuuliza Wekesa mfupa unaendeleaje. Amevunjika ndipo wakalijua jina lake. Jumamosi zilizobaki alikuja vilevile kwa metro, akashika mnyororo wa kupimia kwa mkono mzima, na watu walimwita jina lake uwanja mzima, wakimlaumu kwamba anavuta mnyororo upande wa timu yake.

Msimu uliofuata ulikuwa wa mwisho kwangu. Timu zile zilikutana tena. Khalfan akarudi nyuma, akaangalia mbali, Wekesa akazunguka kwa nje. Mpira ukatoka, nikapiga kelele, na mikono ya Wekesa ikafunga. Lakini safari hii Khalfan hakukaa akingoja kuanguka. Mkono wake uliokwisha kurusha ulishuka ukamshika Wekesa jezi begani, wakageuka pamoja, wakatua ubavu kwa ubavu kama watu wawili waliolala mkeka mmoja. Baadaye nilisikia kwamba walikuwa wakienda Al Jaddaf wenyewe, Alhamisi, na lile godoro.

Hakuna kitabu cha sheria kinachomtaka mrushaji amshike anayekuja. Hakuna kinachomkataza. Mfukoni vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye kokwa za tende, nikavitoa vitupu. Wakainuka, wakajikung'uta, Khalfan akamwambia jambo, Wekesa akacheka na mabega, yote mawili.

Basi Mganda wangu na mwanangu wa Tanga, jibu langu ndilo hili, na ni pungufu. Sheria ile iacheni palepale, nimesikia pumzi ya Msyria na sitaki kuisikia tena. Lakini mkisimama nyuma ya mrushaji, acheni mpira uende zake, na mkishamtazama aliyerusha, tazameni na aliyekuja. Yeye naye ana mbavu. Mkiona sheria haimtoshi mmoja wao, semeni kwenye jamvi, semeni kwa wakubwa wa mashindano, wala msingoje mfupa useme badala yenu. Mimi nimechelewa kulisema, na Mwanaidi ananiita, anasema naharibu zulia.

Ewe uliyeyasoma haya mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuwaona wawili panapotazamwa mmoja. Akulinde unapoangalia mbali na hujui nani anakuja, na unapokuja mbio na huwezi kusimama. Akijaalia uanguke, akuangushe pahali laini, na akuwekee karibu mtu wa kukushika. Amin.